Nywele, Muhogo na Samaki wa Ziwa Mweru

Unywele wa kichwani hurefuka kwa takriban sentimita moja kila mwezi. Mtoto mwenye nywele za sentimita sita amebeba kichwani habari za nusu mwaka: sehemu ya nchani imeota zamani, iliyo karibu na ngozi imeota juzi, na kila sehemu imejengwa kwa chakula kilichokuwamo nyumbani ilipokuwa ikiota. Matabibu wa watoto huisoma habari hiyo kwa macho matupu. Mtoto aliyepata unyafuzi, akapona, kisha akarudia kukosa kitoweo, nywele zake huota kwa mapande, jeusi likifuatwa na jekundu la kutu, na vitabu vya tiba vinaiita dalili hiyo alama ya bendera. Daktari Cicely Williams alipouandika ugonjwa huo mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, na daktari mwenzake Hugh Trowell alipoufuatilia kwa miaka mingi Kenya na Uganda, ubishi ulikuwa mkubwa juu ya kitu gani hasa kinapungua mwilini. Kwamba kuna kinachopungua, nywele zilikuwa zimekwisha kusema.

Ninaanzia hapo kwa sababu mazungumzo ya siku hizi kuhusu vitamini na nywele yamegeuza mambo. Nywele, zilizokuwa ushahidi wa hali ya mwili mzima, zimefanywa kuwa mgonjwa wa peke yake, na mgonjwa huyo anauziwa chupa. Kutoka Lusaka hadi Dar es Salaam, dukani na kwenye simu, mwanamke anaambiwa nywele zake zinanyonyoka kwa kukosa vitamini fulani, na vitamini hiyo ipo ndani ya kidonge. Napinga maelezo hayo, na nataka kuyapinga nikiwa nimesimama mahali mahususi: ufuko wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Puta, kwenye nchi ya Wabwile na chifu wao. Ninachodai ni kwamba karibu kila kitu kinachohitajika kukuza nywele nzuri, macho mazima na damu ya kutosha kinapatikana kwenye ufuko huo, katika ziwa lake, mashamba yake na michikichi yake. Kinachokosekana ni vyakula hivyo kukutana kwenye chungu kimoja katika mwezi mmoja. Vinatenganishwa na majira, soko, namna ya kupika na maradhi, na hakuna chupa inayogusa hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Puta leo iko katika wilaya ya Chiengi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nchelenge. Ukiendelea kidogo kaskazini unafika mpakani, na ng'ambo kuna Pweto, mji wa Kongo ambako Kiswahili cha Katanga kinasikika sokoni kila siku. Mpaka wa kisiasa haujakata sahani. Kinachoitwa ubwali upande wa Zambia na bukari upande wa Kongo ni chakula kilekile, ugali ambao hapa huwa zaidi wa muhogo, pengine uliochanganywa na mahindi. Katapa ya Kibemba ndiyo sombe ya Kongo na kisamvu cha Tanzania. Kalembula ni matembele. Chisense ni dagaa wadogo wa ziwa hili, wanaovuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa mchangani au kwenye vichanja na kusafirishwa kwa magunia. Muhogo wenyewe ni mwenyeji wa muda mrefu: wasafiri wa Kireno waliofika kwa mfalme Mwata Kazembe kati ya 1798 na 1832 waliukuta ukiliwa. Kwa hiyo anayetaka kuzungumzia lishe ya ufuko huu kwa haki hana budi kuanza na muhogo, bila kuutukana wala kuusifu kupita kiasi.

Muhogo unampa mtu nguvu ya kuvuta nyavu. Unavumilia udongo uliochoka, unangoja ardhini hadi utakapohitajika, na hauhitaji mbolea ya dukani. Lakini unga wake ni wanga karibu mtupu; protini iliyomo ni asilimia moja au mbili tu, na vitamini A haimo kabisa katika muhogo mweupe. Tena aina chungu zina sumu ya sayanidi, ambayo wanawake wa eneo hili wanaiondoa kwa ustadi wa kale: kuuloweka muhogo siku kadhaa hadi ulainike, kuumenya, kuuanika, kisha kuusaga. Mabaki madogo ya sumu yanayosalia mwili unaweza kuyashughulikia wenyewe kwa kuyafunga na salfa na kuyatoa kwenye mkojo. Salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka katika asidi amino mbili, methionini na sistini, tunazozipata kwenye samaki, nyama, mayai na maharage. Sasa angalia unywele umejengwa na nini. Karibu wote ni keratini, protini inayopata ugumu wake kutokana na sistini nyingi zilizoshikana kwa vifungo vya salfa. Mlaji wa muhogo asiye na samaki anatumia akiba ileile ndogo kwa kazi mbili, kuondoa sumu na kujenga tishu, na mwili ukibanwa hauanzi kufikiria nywele. Moyo, ini na ubongo hutangulia.

Sidai kwamba muhogo unanyonyoa nywele. Mamilioni ya watu wanaula kila siku na vichwa vyao vimejaa. Ninachosema ni kwamba muhogo unamdai mlaji kitoweo kwa nguvu kuliko nafaka, na deni hilo likikaa muda mrefu bila kulipwa matokeo yake ni mabaya kuliko nywele nyepesi. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime, Tanzania, mwaka 1985, ukame uliwafanya watu wale muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, huku samaki na maharage wakiwa hawapo. Wengi walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, na Nampula peke yake waliathirika zaidi ya watu 1,000. Mambo mawili yalikutana katika visa vyote viwili: sumu ilizidi na salfa ya chakula ilipungua. Ufuko wa Mweru haukuandikwa kwenye historia hiyo, na sioni vigumu kuamini kwamba ziwa lenyewe lina mchango katika hilo.

Na hapa ndipo neno vitamini linapotupoteza. Linatufanya tufikirie chembe moja na kazi moja: A kwa macho, C kwa fizi, biotini kwa nywele. Mzizi wa unywele haufanyi kazi hivyo. Seli zake ni miongoni mwa seli zinazogawanyika kwa kasi kubwa kabisa mwilini, na kila mgawanyiko unahitaji folati na vitamini B12 za kutengeneza chembe za urithi, chuma cha kusafirisha oksijeni, zinki ya kuendesha vimeng'enya, nishati ya kutosha, na protini ya kufumia. Kimoja kikikosekana, vingine vinakaa bure. Anayemeza biotini huku hana chuma ni kama fundi aliyeletewa misumari ghala zima na hana mbao.

Tuitazame hiyo biotini, kwa kuwa ndiyo inayouzwa zaidi. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, kiasi kinachopatikana kwenye mayai, karanga, samaki na mboga, na bakteria wa utumbo huongeza kidogo. Upungufu wake wa kweli ni nadra sana. Njia inayojulikana ya kuupata ni kula mayai mabichi kwa muda mrefu, maana ute mweupe una kitu kinachoifunga biotini isifyonzwe. Vidonge vya nywele huja na mikrogramu 5,000 au 10,000. Kwa mtu asiye na upungufu hakuna ushahidi wa maana kwamba kiasi hicho kinaotesha chochote. Madhara yake yanajulikana: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba biotini nyingi katika damu huvuruga vipimo vya maabara, kikiwamo kipimo cha mshtuko wa moyo, na ikataja kifo kilichohusishwa na kosa hilo. Mtu ananunua nywele na kuweka rehani uwezo wa daktari kuujua ugonjwa wake.

Vitamini A ina historia ndefu zaidi katika bonde la Luapula, mto unaoingia Ziwa Mweru, na ni historia ya huzuni. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1950 na 1960 ulikuta upofu mwingi kupita kawaida kwenye bonde hili na pembezoni mwa ziwa, na wengi wa vipofu walipoteza macho utotoni. Surua ililaumiwa, dawa kali za mitishamba zilizotiwa machoni zililaumiwa, na nyuma yake kulikuwa na watoto wasio na akiba ya vitamini A, ambao surua ilipowapata konea zao zilioza kwa siku chache. Vitamini hiyohiyo inayolinda ngozi ya jicho huongoza ukuaji wa ngozi ya kichwa na tezi za mafuta zinazoizunguka kila nywele. Mtoto aliyepungukiwa nayo huwa na ngozi kavu yenye vipele vigumu penye vinyweleo, na nywele zake hukauka. Lakini kabla ya nywele, jioni ikiingia, haoni njia. Hali hiyo Kiswahili kinaiita upofu wa usiku.

Na yote haya yalitokea mahali penye michikichi. Mawese mekundu yanayokamuliwa katika bonde la Luapula na kando ya Mweru yana karotini kati ya miligramu 500 na 700 kwa kilo, na vijiko vichache vya chai katika kitoweo cha mtoto vinakaribia kumtosheleza kwa siku. Majani ya muhogo, matembele na majani ya maboga yanayo pia. Kwa nini basi watoto walipofuka? Jibu moja ni kwamba karotini ya majani hufyonzwa vibaya bila mafuta, na kisamvu kilichochemshwa kwa maji na chumvi tu huipitisha sehemu kubwa tumboni bila faida. Jibu la pili ni kwamba mtoto mdogo hupewa ubwali na mchuzi, majani wakala wakubwa. La tatu ni kwamba mawese ni bidhaa, yanauzwa. La nne ni moto: mafuta yanayochomwa hadi yapoteze wekundu yamepoteza karotini pamoja na rangi. Kisamvu kilichotwangwa vizuri, kikapikwa na karanga za kusaga kama wanavyofanya wapishi wa ifisashi, au kikamaliziwa na kijiko cha mawese ambayo hayakuungua, ni dawa ya macho na ya nywele kwa pamoja, na hakihitaji maandishi ya Kiingereza ubavuni.

Serikali ya Zambia haikungoja kila jiko libadilike. Mwaka 1998 ilianza kuongeza vitamini A katika sukari ya nyumbani kwa amri ya sheria. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka katika wiki za afya ya mtoto. Mwaka 2012 zikaidhinishwa mbegu za kwanza za mahindi ya rangi ya chungwa, yenye karotini ndani ya punje. Katika jaribio lililofanyika Mkushi kwa watoto zaidi ya 1,000, mahindi hayo hayakuinua kiwango cha vitamini A katika damu, ila mboni za watoto waliokuwa na upungufu zilianza kuitikia mwanga gizani vizuri zaidi. Naipenda habari hiyo kwa sababu inatukumbusha kuuliza mwili unafanya nini, pamoja na kuuliza maabara inasoma nini.

Kuna upande wa pili ambao wauza chupa hawautaji. Vitamini A ikizidi hunyonyoa nywele. Mwili hauwezi kuitoa kwenye mkojo kama unavyofanya kwa vitamini C. Huilundika kwenye ini, na ini likijaa, sumu inaanza: kichwa kuuma, mifupa kuuma, ngozi kubanduka, nywele kudondoka. Wavumbuzi wa ncha ya kaskazini ya dunia waliokula maini ya dubu weupe walilijua hilo kwa miili yao. Na Afrika Mashariki inaweza kuwa na ushahidi wa kale kuliko wote: mifupa ya mwanamke wa jamii ya Homo erectus, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.7, iliyogunduliwa mwaka 1973 Koobi Fora karibu na Ziwa Turkana, ina uvimbe ambao baadhi ya wanasayansi wanaona ulitokana na kula maini ya wanyama walao nyama. Wengine wanapinga. Yasiyo na ubishi ni yale yaliyopimwa Zambia kwenyewe: katika wilaya ya Nyimba, jimbo la Mashariki, zaidi ya nusu ya watoto waliochunguzwa kwa utafiti wa mahindi ya chungwa walikutwa na akiba ya vitamini A iliyovuka kiwango salama, na wakati wa maembe ngozi za baadhi yao ziligeuka rangi ya manjano.

Habari hiyo ya Nyimba inaweza kusomwa vibaya, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Embe halikuwadhuru watoto. Karotini ya embe, ya mawese na ya majani mwili huibadilisha kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji, na ziada huikalisha kwenye ngozi bila madhara. Manjano yale hupita pamoja na msimu. Hatari iko kwenye vitamini A iliyokwisha kuwa vitamini A, ile ya vidonge, ya maini mengi, na ya vyakula vilivyoongezewa vinapopangwa juu ya matone bila hesabu. Wala Nyimba si Puta. Kaya isiyonunua sukari haifikiwi na sukari ya 1998, na nchi moja inaweza kuwa na watoto waliozidishiwa huku na waliopungukiwa kule. Ndiyo maana kumwambia kila mtu ameze kidonge cha nywele chenye vitamini A, bila kujua anakula nini, ni kucheza na ini lake. Seleni ni vivyo hivyo: mwaka 2008 nchini Marekani kirutubisho kimoja cha maji kilichokosewa vipimo kiliwadhuru watu 201, na kunyonyoka nywele kulikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa.

Kwa vitamini za kundi B nitasema kwa ufupi, nikitumia jirani. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwako Malawi walikuwa wakila mgawo wa mahindi. Karanga, zilizokuwa chanzo chao cha niasini, zikakatika. Kati ya Februari na Oktoba waliugua pelagra zaidi ya watu 18,000: ngozi kuungua shingoni na mikononi, kuhara, akili kuchanganyikiwa. Tumbo lao lilijazwa. Kilichoondolewa kwenye sahani kilikuwa kiganja cha karanga. Naona kisa hicho kinafundisha juu ya kitoweo kuliko kurasa nyingi za vitabu.

Vitamini C inastahili maneno zaidi kwa sababu inapotea jikoni. Kiseyeye, ugonjwa wa kuikosa kabisa, huzikunja nywele za mwilini kama kizibuo na kuzitoa damu kwenye shina, lakini hatuna haja ya kufika huko. Kazi yake kubwa kwenye ufuko huu ni kusaidia chuma cha majani na cha maharage kifyonzwe. Majani mabichi ya muhogo yana vitamini C nyingi. Yakitwangwa, yakachemshwa saa nzima na zaidi, inabaki kidogo sana. Kuchemsha hakuepukiki, maana majani nayo yana sayanidi. Lakini majivu yaliyochujwa au magadi, yanayotiwa ili mboga ilainike upesi, humaliza hata kilichosalia na kuharibu vitamini B1. Hapa simlaumu mpishi: kuni ni ghali kwa mgongo wake, na magadi yanaokoa kuni. Embe, pera, limau au nyanya mbichi pembeni ya mlo vinarudisha kilichopotea bila kubadilisha mapishi ya mtu.

Chuma kinatupeleka kwenye jambo ambalo chakula peke yake hakiliwezi. Nchelenge ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi kabisa Zambia, na watafiti wameweka kambi huko kwa miaka kwa sababu hiyo. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Kichocho na safura huinyonya taratibu. Mwanamke aliyejifungua, akapata homa mara mbili katika msimu wa mvua, na ana minyoo, atanyonyoka nywele hata akila samaki kila siku. Chandarua na dawa ya minyoo kwa mwanamke huyo ni matunzo ya nywele. Najua hakuna saluni itakayomwambia hivyo.

Sasa majira. Uvuvi wa Mweru hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Sheria hiyo ina maana, na ziwa lililochoshwa na nyavu linaihitaji. Lakini miezi hiyo mitatu ni miezi ya mvua, ya palizi, ya malaria kupanda, na ya akiba ya ndani kupungua. Kitoweo kinabaki majani na embe, na embe huisha. Hata nje ya miezi hiyo, samaki wakubwa na magunia ya chisense huondoka kuelekea miji ya Copperbelt na Kasumbalesa mpakani mwa Kongo, kwa sababu fedha za ada, za unga na za dawa zinatoka humo. Zambia nzima ilikuwa na watoto 35 kati ya kila 100 waliodumaa kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2018, na jimbo la Luapula, lenye ziwa, mito na madimbwi, lilikuwa karibu na kilele cha orodha. Hilo ndilo fumbo la ufuko: samaki wanapita mkononi.

Majira hayo yanaeleza pia kwa nini vidonge vinaaminika. Unywele ukipigwa na homa, njaa au uzazi haudondoki siku hiyo. Mzizi wake huacha kazi, hukaa katika mapumziko miezi miwili au mitatu, kisha unywele huachia. Aliyeumia Januari ataona nywele kwenye kitana mwezi Machi au Aprili, wakati samaki wamerudi, mahindi mabichi yamekomaa na mwili wake umekwisha kuanza kupona. Anashtuka, ananunua chupa Aprili, na kufikia Agosti kichwa kimejaa. Chupa inasifiwa. Mtu anayesema vidonge vilimsaidia si mwongo; amehesabu kutoka siku aliyoona badala ya siku aliyoumia. Naliona hili kuwa jibu la haki zaidi kwa pingamizi linalosikika kila mahali, kwamba vitamini za dukani zinafanya kazi kwa kuwa fulani alipona.

Kuna pingamizi lingine lenye uzito: kwamba wazee walikula ubwali uleule na nywele zao zilikuwa nzuri. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyekaa na Wabemba miaka ya 1930 na kuchapisha mwaka 1939 uchunguzi wake wa ardhi, kazi na chakula, alionyesha kitu ambacho pingamizi hilo husahau. Kitoweo cha wakati ule kilitoka porini pia: uyoga, viwavi, majani ya mwitu, nyama ya kuwinda, na miezi ya njaa ilikuwa mikali vilevile. Ubwali ndio uliobaki. Mengi yaliyoandamana nao yamepungua kadiri misitu ilivyokatwa. Tena wazee tunaowakumbuka ni wale walioishi hadi tukawaona.

Wengine watasema, na wana haki, kwamba nywele nyingi zinazopotea hazipotei kwa njaa. Upara wa kurithi hausikii vitamini. Mapunye ni fangasi, na hutibiwa kama fangasi. Nywele zinazokimbia kwenye kipaji cha uso na juu ya masikio kwa mwanamke kijana mara nyingi zimevutwa na rasta zilizobanwa mno au zimeunguzwa na dawa ya kunyoosha, na mvuto huo ukiendelea miaka mizizi hufa isirudi tena. Nakubali yote hayo. Ni sababu nyingine ya kutokimbilia chupa: kabla ya kuuliza vitamini gani, ulizwe kwanza ukingo wa nywele uko wapi, ngozi ina magamba au haina, na mtu alisukwa lini na kwa nguvu gani.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la umaskini. Kumwambia mvuvi asiuze samaki wake ni kumwambia asimpeleke mtoto shule. Lakini chisense wanaruhusu hesabu nyingine, kwa kuwa thamani yao kwa mwili haifanani na bei yao sokoni. Samaki mdogo anayeliwa mzima, na kichwa chake na mifupa yake, hutoa chuma, zinki, kalisi na vitamini B12 ambazo minofu ya samaki mkubwa haina kwa wingi huo. Mtaalamu wa lishe Shakuntala Thilsted alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2021 kwa kazi aliyoianza na samaki wadogo wa Bangladesh, na hoja yake kuu ilikuwa hiyohiyo. Jua la kuanikia hupunguza vitamini A ya samaki, ila madini na protini hubaki, na yenye salfa ya kulipia deni la muhogo imo. Debe moja la chisense wakavu lililowekwa kando mwezi Novemba, likafunikwa lisiingie unyevu, linaingia Februari. Wakitwangwa hadi wawe unga, kijiko kimoja ndani ya uji wa mtoto hakihisiwi mwiba wala mchanga, ikiwa walianikwa juu ya kichanja. Hao wa mchangani huoshwa kwanza, na hapo mama anapoteza dakika chache na maji kidogo, katika mwezi ambao ziwa limefungwa na nywele za mtoto wake zinaendelea kuota.